Barua kwa mwanangu: kabla hujaituma bastola kiwandani

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako mamako ameusoma kabla yangu, kisha akaniachia nijibu, na sasa hivi amesimama mlangoni kuhakikisha najibu sawasawa. Umeuliza hivi: bastola yako ndogo ya 9 mm bado mpya, inabakisha maganda ya risasi zilizopigwa ndani ya chemba (tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa), na kampuni imekwambia uitume kiwandani. Uitume, au uiuze ununue ya kampuni nyingine?

Mimi nataka kujua jambo jingine kwanza. Umewaambia nini hao watu wa kampuni? Nimeona uliwaandikia mstari mmoja tu: bastola inakwama, naomba msaada. Kwa mstari huo fundi hajui aanzie wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Umelisikia neno hilo humu nyumbani tangu hujaota meno, na leo utalisikia tena.

Kisa cha mjomba wako Hamisi na bastola yake unakijua, ila nadhani unakijua kwa upande wa vichekesho tu. Ilikuwa ndogo kama yako, na ilibakisha maganda kama yako. Akapiga simu kiwandani, akaongea na kijana, akapiga tena akaongea na mwingine, hakuandika jina wala tarehe. Kisha akaifunga bastola pamoja na magazini zake tatu (visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini), ala yake ya ngozi, na kile kifyatulio cha fedha nyingi alichokuwa amefungiwa na fundi wa mtaani. Ikarudi na kifyatulio cha kiwandani, magazini moja, ala haipo, na karatasi: imekaguliwa, inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, mteja ashauriwe kushika kwa nguvu zaidi. Kile kifyatulio mpaka leo anakitaja kwenye harusi za watu.

Hamisi aliichukua ile karatasi kama tusi. Na hapa nabishana na nafsi yangu kila nikikumbuka, kwa sababu yule kijana wa huduma kwa wateja hakusema upuuzi. Bastola ndogo ni nyepesi, slaidi yake, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma risasi ikitoka, ina safari fupi, na springi yake ni ngumu kuliko ya bastola kubwa. Ili slaidi ifike mwisho wa safari, fremu lazima itulie mkononi. Kiwiko na kifundo vikilegea, fremu inarudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu inapotea njiani, na ganda linasimama wima pale dirishani linapotokea. Hilo kosa ni la mkono, na watu wa kampuni wanalisikia siku nzima. Lakini mkono uliolegea haung'oi ukingo wa ganda! Maganda ya Hamisi yalibaki mle ndani ya chemba, na ukingo wake ulikuwa umeliwa mahali ndoano ya kuvutia ganda ilipovuta ikashindwa. Hilo ni la chemba yenye mikwaruzo, au ndoano yenye kasoro. Ushahidi ulikuwa chini, kwenye sakafu ya uwanja wa shabaha, na Hamisi alikuwa anaufagia.

Aliyeuokota ni mamako. Huyo huyo ambaye hakutaka silaha iingie nyumba ya kaka yake. Alikuwa amefanya kazi kwenye ofisi ya kliaring na fowadingi pale bandari ya Kilindini, anajua dai la mzigo ulioharibika linaandikwaje: usilalamike, orodhesha. Akaandika ukurasa mmoja. Nambari iliyochongwa kwenye fremu. Tarehe ya kununua na duka. Risasi za aina mbili, za grini 115 na za grini 124 (ndio uzito wa kichwa cha risasi), zote mpya za kiwandani, na ngapi za kila aina zilipigwa. Ngapi zilikwama, katika magazini ipi. Nani alikuwa anapiga, maana Hamisi alimpa na mkufunzi wa uwanja apige, ikamkwamia vilevile. Sentensi ya mwisho: "Maganda matano yamefungwa kwenye bahasha, tafadhali angalieni ukingo." Hakumwambia mtu kwamba bastola ni mbovu. Bastola ikatumwa tena na ukurasa huo, ikarudi na mtutu mpya na ndoano mpya, na kijana akapiga simu mwenyewe kuuliza kama inafanya kazi. Nikikumbuka uso wa Hamisi siku hiyo nacheka mpaka leo.

Sasa fanya hivi. Toa magazini kwanza, halafu ndipo uvute slaidi, uangalie chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Mpangilio huo usiugeuze: ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, umejaza chemba upya, kisha utatoa magazini ukidhani bastola ni tupu. Zipe magazini zako namba kwa kalamu ya wino mzito, chini kwenye kitako. Tatizo likiifuata namba 2 popote inapokwenda, tatizo ni magazini: springi imechoka au midomo yake imepinda. Hiyo inabadilishwa bila kuituma bastola.

Halafu isafishe. Bastola mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuhifadhia, na mara nyingi hayo siyo ya kufanyia kazi. Ipanguse chemba mpaka ikauke. Mafuta ndani ya chemba hayasaidii kitu. Tia tone moja moja kwenye reli za slaidi, basi. Kwenye njia ya pini ya kugonga usitie chochote, maana masizi hunasa kwenye mafuta, pini inakuwa nzito, na utaanza kuona risasi zisizolipuka zenye alama hafifu kwenye kitako. Ukiona alama hizo, na wewe mwenyewe umemimina mafuta humo, usiwasumbue watu wa kiwanda.

Piga grini 115 na grini 124, usitumie risasi zilizojazwa upya nyumbani. Kampuni zina kawaida ya kukana dhamana kwa risasi hizo, na siwalaumu. Mpe mtu mwingine mwenye mkono mzuri apige. Okota maganda, yapige picha, andika siku hiyo hiyo. Mali bila daftari, mwanangu.

Ukishawaandikia, omba nambari ya kesi na lebo ya usafirishaji waliyolipia wao. Wakikuambia jambo kwa simu, waandikie baruapepe kwamba mmekubaliana hivi na hivi. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye silaha kuituma kwa mtengenezaji ili itengenezwe, na mtengenezaji kukurudishia wewe moja kwa moja, hata akikupa nyingine ya aina ileile badala yake. Baadhi ya majimbo yana masharti yake, waulize kabla. Hiyo ni kwa kiwanda tu. Ukitaka kumpa rafiki wa jimbo jingine, lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni.

Toa taa, toa ala, toa kila kipuri kisicho cha kiwanda, urudishe kile cha zamani. Usiweke risasi hata moja. Magazini tuma zile tu walizotaka, na ziandike kwenye barua. Sanduku ndani ya sanduku, nje kusiwe na neno linalotaja silaha. Fuata maelekezo ya lebo kuhusu pa kuukabidhi mzigo, usiuache kwenye kisanduku cha barabarani, uchukue risiti. Ikirudi atatakiwa mtu mzima wa kusaini, kwa hiyo panga na zamu zako.

Na hapo kwenye kurudi: Juma anakaa kwako na viza ya masomo. Wewe una kadi ya kijani, unaruhusiwa. Mwenye viza kama yake kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha au kukaa nayo, isipokuwa kwa masharti maalumu kama leseni ya uwindaji. Asikusainie, asiishike, na kasha lifungwe kwa ufunguo ulio mkononi mwako.

Umesema pia kwamba unaogopa dhamana yako si nzuri kwa sababu hukujaza kadi. Usihangaike na kadi. Watu wa kampuni ya Ruger hawawekei bunduki zao dhamana ya maandishi kabisa, tangu ile sheria ya dhamana ya mwaka 1975, na bado wana jina la kutengeneza. Wakati mwingine kampuni zenyewe huziita bastola zirudi. Hao Ruger mwaka 2008 waliziita bastola zao ndogo za LCP za mwanzo, kwa sababu zikianguka zikiwa na risasi chembani zingeweza kujifyatua. Smith & Wesson mwaka 2020 waliziita bastola zao za Shield EZ za 9 mm kwa sababu ya nyundo zilizoweza kupasuka. Kwa hiyo kabla ya yote ingia kwenye tovuti ya kampuni yako, uingize nambari yako, uone kama imeitwa.

Ikirudi soma karatasi ya fundi: wamebadilisha nini? Kama haisemi, uliza. Linganisha nambari. Isafishe, kisha rudi uwanjani na risasi zile zile na magazini zile zile, upige angalau 100 kabla hujaiamini. Hata ganda moja likibaki chembani, barua ya pili iwe fupi kuliko ya kwanza, na nambari ile ile ya kesi juu.

Sasa lile la kuuza. Mamako anakohoa pale mlangoni. Nina jibu, na ulimi unaniwasha, ila fedha ni zako na usiku wa kutoka kazini peke yako ni wako. Kuna siku nasema bastola iliyokukwamia ukiwa mwanafunzi wake hutaiamini tena hata itengenezwe na malaika. Halafu namkumbuka Hamisi, ambaye hiyo yake iliyotengenezwa bado anayo na haijamkwamia. Nikiendelea nitasema. Acha.

Nitumie picha za maganda, ukingo uonekane vizuri, na barua yako kabla hujaituma. Mamako ndiye atakayeisahihisha.

Babako