Umetoka Jela? Mwache Shetani Apumzike

Kwa miaka mingi nimekaa na watu waliotoka gerezani, nikiwasaidia kutafuta kazi, kuandika barua na, mara nyingi zaidi, kuwasikiliza tu. Ukimwuliza mtu kilichompeleka ndani, jibu la kwanza huwa lile lile: shetani alinipitia. Ukichimba kidogo unatajiwa marafiki, pombe, umaskini, polisi waliokuwa na lao jambo. Mengi ya hayo ni kweli kabisa. Lakini anayeng'ang'ania hadithi hiyo ndiye anayenitia wasiwasi. Kama shetani alipita mara ya kwanza, nani atamzuia asipite tena?

Mwaka 1957 wanasosholojia wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, walivigawa visingizio vya namna hii katika mafungu matano: sikuwa na la kufanya, hakuna aliyeumia, aliyeumia alistahili, wanaonihukumu nao ni wachafu, nilifanya kwa ajili ya wenzangu. Wao walikuwa wakizungumzia vijana wahalifu. Mimi nimewasikia watu wazima wenye mvi wakivimaliza vyote vitano katika kikao kimoja.

Kwa hiyo anza hapo: simulia kosa lako ukiwa wewe ndiye uliyelitenda. Jamaa mmoja alikuwa akijiandaa kwa usaili wa kazi, nikamwomba anijibu kama vile mimi ndiye mwajiri. Alizungumza weee, na wizi wenyewe hajaufikia. Alikuwa bado kwa baba wa kambo. Tukakata, tukakata tena, ikabaki hivi: "Niliiba fedha za kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi. Nilifungwa, kifungo nimekimaliza. Nikiwa ndani nilijifunza kuchomelea vyuma, na cheti ninacho." Baada ya hapo anyamaze. Huko kunyamaza ndiko kulikomtoa jasho. Chini ya meza viganja vilikuwa vikisugua magoti, na kila mara alitaka kuongeza "lakini". Mwajiri akihitaji zaidi, atauliza.

Hata hivyo, kuwajibika si kumtangazia kila mpita njia kosa lako. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1974 inayozihesabu baadhi ya hukumu kuwa zimepitwa na wakati baada ya muda fulani, na kwa kazi nyingi hulazimiki kuzitaja. Ulizia kwanza sheria ya mahali ulipo inasemaje.

Lililo gumu zaidi ni la yule uliyemwumiza. Usiende kubisha mlangoni kwake. Najua moyo unakuwasha uombe radhi, ila hodi yako yaweza kumrudishia hofu yote. Mwaka huo huo wa 1974, katika mji wa Elmira nchini Kanada, vijana wawili walipita usiku mmoja wakitoboa matairi na kuvunja vioo, wakaharibu mali 22. Jaji aliwaagiza wakaonane na waathirika. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na afisa wa uangalizi, yule anayewasimamia wakosaji walio nje ya jela, pamoja na mwenzake, wakaelezwa hasara, na miezi michache baadaye wakarudi kulipa. Mipango ya kuwakutanisha wakosaji na waathirika ilienea sana baada ya hapo. Wanaosimulia kisa hicho hupenda sana sehemu ya kuomba radhi. Mimi hushika mawili: hawakwenda peke yao, na walirudi na hela. Kama uliko kuna mpango wa aina hiyo, pitia huko. Kama haupo, mtume mtu ambaye upande wa pili unamwamini. Akirudi na jibu la hapana, basi ni hapana. Kumaliza kifungo hakukupi haki ya kudai msamaha.

Nyumbani nako kuna kazi. Mmoja aliniambia kwamba siku za mwanzo alikuwa akifika kwenye mlango uliofungwa anasimama tu, akingoja aje wa kuufungua. Muda wote askari ndiye aliyeamua saa ya kula, ya kulala, ya kuzima taa. Ndiyo maana nashikilia kwamba jela hufundisha utii, na utii haukuandai kuamua mambo yako mwenyewe. Jizoeze kwa madogo: amka bila kuamshwa, fika saa uliyoahidi, na ukiona utachelewa miadi ya afisa wako wa uangalizi, piga simu kabla, si baada. Wala usirudi kwa mkwara wa mwenye nyumba. Waliobaki wameiendesha nyumba bila wewe, wakikuletea na mahitaji juu. Uliza ufunguo unakaa wapi kabla hujauliza hela zinakwenda wapi.

Ipo siku itakayoharibika: umenyimwa kazi kwa sababu ya rekodi yako, na jioni hiyo hiyo wale wa zamani wanakuita. Uwe na mtu wa kumpigia kabla hujawajibu. Mchague sasa, mambo yakiwa shwari, na umwambie wazi kwamba umemchagua, maana naye ana haki ya kukataa.