Gharika, fisi na makasisi: jinsi jiolojia ilivyojitenga na dini

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tunafundishwa kwamba somo huwa sayansi linapojitenga na dini. Kujitenga huko hufanyikaje hasa? Je, wataalamu wake hulazimika kuacha imani?

JIBU: Hawalazimiki. Tazama jiolojia: baadhi ya waliolitenga somo hilo na maandiko walikuwa makasisi.

Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher alipiga hesabu kutoka kwenye Biblia, akasema dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hata karne ya 19 ilipoanza, wasomi wengi waliokuta changarawe au mifupa mahali pasipotarajiwa walikuwa na jibu tayari: Gharika ya Nuhu. Kwa maoni yangu, kasoro ya jibu hilo ilikuwa kwamba lilifaa kila mahali, hivyo hakuna mwamba ambao ungeweza kulipinga.

Mwaka 1821 katika pango la Kirkdale, Yorkshire, ilipatikana mifupa ya fisi, tembo, vifaru na viboko. Tembo Uingereza! Maelezo mepesi yalikuwa kwamba maji ya Gharika yaliisomba kutoka nchi za joto. William Buckland, kasisi wa Kianglikana aliyefundisha Oxford, alikwenda kuangalia mwenyewe. Mlango wa pango ulikuwa mdogo mno kwa tembo kupita, na mifupa ilikuwa na alama za meno. Akampa fisi hai mfupa wa ng'ombe autafune, kisha akalinganisha mabaki: alama zilifanana, na sehemu zilizoachwa bila kuliwa zilikuwa zilezile. Hata kinyesi kilichokauka pangoni kilitambuliwa kuwa cha fisi. Basi fisi waliishi humo, wakiburuta mizoga kipande kwa kipande.

Hata hivyo, Buckland aliendelea kuamini kwamba tope lililofunika mifupa lililetwa na Gharika. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini, maana alikuwa amekwisha kuiweka Gharika mahali inapoweza kupimwa. Wanajiolojia wakalinganisha changarawe za sehemu mbalimbali, wakaona hazikuwekwa na tukio moja. Mwaka 1831 Adam Sedgwick, kasisi na profesa wa Cambridge, alipokuwa akiachia urais wa Jumuiya ya Jiolojia ya London, alisimama mbele ya wenzake akaifuta hadharani rai yake kuhusu Gharika. Buckland naye akaiacha, na kuanzia 1840 akatetea hoja kwamba changarawe na tope nyingi za aina hiyo ziliachwa na barafu nene iliyosonga juu ya ardhi. Wote wawili walibaki makasisi.

Kwa hiyo unapochunguza somo lako, uliza: ni ushahidi gani ungemfanya mtaalamu abadili kauli, na je, wenzake wanaruhusiwa kumdai ushahidi huo?

Mpaka kati ya sayansi na dini unaweza kupita hata ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1859 Sedgwick alisoma kitabu kuhusu mageuzi ya viumbe cha Charles Darwin, mwanafunzi wake wa zamani katika kazi ya nyanjani huko Wales, akamwandikia barua ya kukipinga. Pingamizi moja lilihusu maadili na nafasi ya Mungu katika maumbile. Jingine lilihusu mbinu: kwamba Darwin ameiacha njia ya kujenga hoja hatua kwa hatua kutoka kwenye ushahidi. Hilo la pili ndilo ambalo wanabiolojia wangeweza kulijibu kwa visukuku na vipimo.