Sindano ya pepopunda haitoi mimba

Dada wa Kadutu, umeuliza kama sindano ya pepopunda wanayochoma CPN, yaani kliniki ya wajawazito, inaweza kutoa mimba yako ya miezi mitano, maana mama mkwe amekukataza. Hapana, haiitoi. Wala haifungi kizazi. Mimi nilichomwa katika mimba zangu tatu hapa hapa Bukavu. Mkono uliuma siku mbili, kusonga bugali kukawa shida, kisha yakaisha.

Ndani ya chanjo hiyo hamna kijidudu kilicho hai. Kuna sumu ya pepopunda iliyokwisha kuvunjwa nguvu, ili mwili wako utengeneze kinga, nayo hupita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Kwa hiyo anazaliwa akiwa nayo tayari. Kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu, au kikipakwa majivu, pepopunda huingilia pale. Siku chache baadaye mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri anashindwa kufungua kinywa, anakakamaa ukimgusa tu. Nilimwona mmoja kwa jirani. Sitaki umwone wako hivyo, dada yangu.

Kama hujawahi kuchomwa, nenda wiki hii. Ya pili hutolewa baada ya wiki 4 au zaidi, na iwe angalau wiki 2 kabla ya kuzaa. Tunza fishi yako, ile kadi ya chanjo: dozi 5 zikikamilika kwa mpangilio, zinakukinga miaka yako yote ya kuzaa.

Na mama mkwe usigombane naye. Mwombe akusindikize, amuulize muuguzi yeye mwenyewe.