Usiiguse hiyo amri ya tarehe, na kadi usizifomati

Simama hapo hapo! Umeandika kwamba picha na video za harusi kutoka kadi tatu na simu mbili umeshazimwaga kwenye diski ya nje, zimechanganyika, na sasa unataka kuendesha amri hii ya ExifTool, programu ya kusoma na kubadilisha taarifa zilizomo ndani ya picha na video, uliyoichukua kwenye video ya mafunzo:

exiftool -overwrite_original "-AllDates<FileCreateDate" .

Usiiendeshe. FileCreateDate ni ile "Date created" ya Windows, na Windows haijui harusi ilikuwa lini. Inaandika saa faili lilipotua kwenye diski hiyo. Ukikopi leo mchana, maharusi wa kanisani, wa Jiwe la Bismarck na wa ukumbini Capri Point wote ni wa leo mchana. Amri hiyo inachukua tarehe hiyo ya kukopi na kuibandika ndani ya picha, juu ya DateTimeOriginal, yaani saa halisi kamera ilipofyatua. Na hilo neno -overwrite_original ndilo linaloua kabisa. Bila hilo, ExifTool huacha nakala yenye _original mwishoni mwa jina. Ukiliweka, na kadi ukiwa umezifomati, huna pa kurudi. Mimi nililipa gharama hiyo, na bado nawakasirikia wanaofundisha amri hii bila kusema inafuta nini. Mtu ana kazi ya mteja mkononi, ninyi mnampa shoka!

Soma kwanza kilichomo ndani, amri hii haibadilishi kitu:

exiftool -time:all -a -G1 -s faili.MP4

Kisha badilisha majina tu, tarehe za ndani ziache:

exiftool "-TestName<DateTimeOriginal" -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" folda

TestName inakuonyesha majina mapya bila kuyaweka. Ukiridhika, andika FileName mahali pake. Ile %%-c inaongeza namba pale picha mbili zinapogongana sekunde moja.

Video ni shauri jingine. CreateDate, tarehe iliyoandikwa ndani ya video za MP4 na MOV, inatakiwa kuwa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na simu nyingi hufuata hivyo. Kwa hiyo video ya saa 7:30 usiku ukumbini itasomeka 22:30 ya siku iliyotangulia, saa tatu nyuma. Kwenye amri ya majina, tumia CreateDate badala ya DateTimeOriginal, uongeze -api QuickTimeUTC, na saa za kompyuta ziwe za Afrika Mashariki. Lakini kamera nyingi huandika saa ya hapa hapa bila kugeuza, na hizo ukiziwekea QuickTimeUTC utazisogeza mbele bure. Tafuta picha na video za kamera ileile za tukio moja, mfano kukata keki, ulinganishe kabla ya kuamua.

Zilizopitia WhatsApp kama picha hazina tarehe ndani. IMG-20250614-WA0012 inakupa siku ilipopita WhatsApp, siyo ya kupigwa. Mwombe aliyepiga akutumie upya kama dokumenti.

Kadi zifunge kwenye bahasha mpaka mteja apokee kazi yake.