Maswali na majibu: oili ya injini uwanjani wakati wa baridi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza, wanaopeleka magari yao Snetterton, Brands Hatch na viwanja vingine vya mbio. Majira ya baridi siku za uwanja, yaani siku ambazo mtu hulipa na kuendesha gari lake mwenyewe kwenye uwanja wa mbio, huwa nafuu, kwa hiyo wanajitokeza. Karibu wote wanauliza habari za oili, na wana haki ya kuuliza.

Fundi, mshale wa maji unafika katikati baada ya dakika chache tu. Mbona jamaa mwenye gari kama langu ananikataza kukanyaga? (Leicester)

Msikilize huyo jamaa. Maji yanapita ubavuni mwa silinda, na themostati inayazuia yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, ndiyo maana yanawahi. Oili imelala kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya injini, na sampu inapigwa na upepo wa nyuzi 3 au 4. Maji yakifika 90, oili inaweza kuwa 50 tu. Tena magari mengi ya siku hizi mshale wa maji umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka, kwa hiyo hauwezi kukusaidia hapa.

Oili ya daraja la 40 (namba ya pili kwenye kopo, kama 5W-40) ikiwa na nyuzi 40 ni nzito takriban mara sita kuliko ikiwa na nyuzi 100. Ukiipandisha injini hadi mwisho wa mizunguko katika hali hiyo, wanaoumia ni beringi za krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) na tabo, kama gari linayo.

Raundi mbili tatu za mwanzo usipite mizunguko 3,500 kwa dakika, na usikanyage zaidi ya nusu. Zile raundi za kuonyeshwa uwanja asubuhi hazitoshi. Kuliacha gari linaunguruma maegeshoni nako hakusaidii sana, maana bila mzigo oili hupata moto polepole mno. Ikifika 80 anza kuongeza. Kuanzia 90 endesha utakavyo. BMW waliliona hili mapema: kwenye M3 ya E46, iliyotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2006, geji ya mizunguko ina taa zinazozimika moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata moto, na taa ikiwaka maana yake usifike hapo. Kama gari lako halina geji ya joto la oili, ifunge hiyo kabla hujafikiria matairi mapya.

Nilifunga rejeta ya oili, ile ya kuipoza. Kiangazi joto lilikaa 115, sasa halipandi zaidi ya 70. Niizibe kwa tepu? (Milton Keynes)

Kwanza tazama kama kile kipande kilichofungwa kati ya filta na injini kina themostati. Chenye themostati huizuia oili isiende kwenye rejeta mpaka ifike kama nyuzi 80 hivi. Nyuzi 70 baada ya raundi nyingi zinanifanya niamini chako hakina, au themostati yake imekwama wazi. Dawa ya kudumu ni kuweka chenye themostati.

Siku hiyo ya uwanja unaweza kuziba, ila usibandike tepu kwenye mapezi ya rejeta yenyewe. Ikipata moto gundi inayeyuka na kubaki humo, na kuitoa ni kazi. Ziba tundu la bampa linalopeleka upepo kule, au kata bamba jembamba la alumini ulisimamishe mbele ya rejeta. Anza na nusu, zunguka raundi tatu nne, soma geji, kisha ongeza au punguza. Njia za kupoza breki usiziguse. Jua likichomoza mchana, rudi uangalie tena: ukipita 120, bamba litoke.

Usilipuuze jambo hili. Oili inayoshinda kwenye 70 haikaushi unyevu wala petroli inayopenya kupita ringi za pistoni. Vyote viwili vinabaki mle ndani na kuidhoofisha.

Asubuhi presha ya oili iko juu kuliko siku zote. Si ndiyo vizuri? (Reading)

Hapana. Geji inakuonyesha jinsi oili inavyogoma kupita, si wingi wa oili inayofika kwenye beringi. Ikiwa nzito sana, vali ya usalama ya pampu hufunguka na sehemu ya oili inarudishwa. Hata filta ina njia yake ya pembeni, kwa hiyo unaweza kuwa unalainisha injini kwa oili isiyochujwa.

Nihamie oili nyepesi, 0W badala ya 5W? (Leicester)

Kama kitabu cha gari kinaruhusu, sawa, lakini namba ya kwanza, yenye W, inahusu oili ikiwa ya baridi, kwa hiyo faida yake utaiona zaidi wakati wa kuwasha. Namba inayobeba injini uwanjani ni ya pili, inayopimwa kwenye nyuzi 100. Usishuke kutoka 40 hadi 30 kwa sababu ya baridi tu: ukishazunguka kwa kasi, oili itafika joto lile lile.

Asubuhi tunapimwa kelele, na mpimaji anataka mizunguko 5,000 wakati injini ni ya baridi. (Coventry)

Kipimo hicho kwa kawaida hufanywa kwenye robo tatu ya mizunguko ya juu kabisa. Gari likija juu ya trela, lishushe mapema, liendeshe taratibu maegeshoni, kisha panga foleni mwishoni. Kama bado, mwambie mpimaji oili haijapata moto, uombe kurudi baadaye.

Mimi niko Limuru. Baridi ya Julai inanihusu?

Kungoja oili ipate moto, ndiyo. Kuziba rejeta, hapana.

Nimekuta ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili. Gasketi ya kichwa cha injini imekufa, maji yameingia kwenye oili? (Reading)

Si lazima. Wakati wa baridi, gari la safari fupi hufanya hivyo kwa unyevu tu. Vuta dipstiki: kama oili yake ni safi na maji ya rejeta hayapungui, futa ule ute, liendeshe nusu saa oili ikiwa juu ya 90, kisha tazama tena. Lakini kama dipstiki nayo ina maziwa, au maji yanapungua, usiliwashe tena. Livutwe hadi kwa fundi.