Matairi ya Misimu Yote kwenye Malori ya Marekani: Mnayouliza Kila Siku

Ndugu zetu, maswali yanayotufikia kutoka nyumbani kuhusu kazi ya lori Marekani huishia kwenye mambo mawili. La kwanza: kama tairi limeandikwa la misimu yote, mnalalamikia nini theluji ikianguka? La pili: hayo mnayoyavua, kwa nini msitutumie? Tuanze na la kwanza, maana humo ndimo pesa za watu zinamopotelea.

Lori la kawaida huku lina matairi 18: mawili ya usukani, manane ya difu (yale yanayozungushwa na injini), manane ya tela. Saizi zilizoenea ni 295/75R22.5 na 11R22.5. Mengi ni ya misimu yote, kwa sababu hakuna mwenye lori atakayefungua matairi 18 kila Novemba. Sasa someni ubavuni. Herufi M+S ni kauli ya kiwanda kuhusu mpangilio wa kashata (vitofali vya mpira vinavyokanyaga barabara), basi. Hazina jaribio la theluji nyuma yake. Alama yenye uzito ni mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Hiyo hupewa tairi lililopimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa likavuka kiwango. Ujerumani walishamaliza ubishi: barabara ikiwa na theluji au barafu, malori lazima yawe na alama ya mlima kwenye difu, na tangu Julai 2020 kwenye usukani pia. M+S peke yake haikubaliki tena huko tangu Oktoba 2024. Lakini hata huo mlima haujapimwa kwenye barafu. Anayewaambia tairi lake linashika barafu anawauzia kitu.

Kuhusu kudumu, tairi la lori lina maisha mawili, ya sheria na ya theluji, na ya theluji huisha mapema zaidi. Tairi jipya la difu huja na kina cha kashata cha milimita 20 hadi 25, la usukani kama 14, la tela kama 9 au 10. Sheria ya Marekani inataka angalau milimita 3.2 kwenye usukani na 1.6 kwingine. Likitunzwa kwenye safari ndefu za barabara kuu, tairi la difu linaweza kuvuka kilomita 300,000 kabla ya kufika hapo. Ila ile mikato myembamba kama ya wembe iliyo juu ya kashata, ndiyo inayong'ata theluji, na kwenye matairi mengi haishuki hadi chini. Ikishalika, mnabaki na vitofali vya mpira laini juu, halali kabisa mbele ya polisi, vinavyoteleza kwenye kila mlima. Kwa maoni yetu, tairi la difu lililo chini ya milimita 8 mwezi Oktoba lisipelekwe Wyoming kwenye theluji. Likamalizie umri wake Texas au Florida.

Umbo la ukingo nalo lina bei yake. Matairi ya difu yenye mabega yaliyofungwa, yaani kingo zisizo na mianya, hulika taratibu na hula dizeli kidogo, na kampuni za safari ndefu huyapenda. Yenye mabega wazi hutema theluji na tope vizuri zaidi, lakini hulika haraka na kuongeza matumizi ya mafuta. Anayebeba mzigo Minnesota hadi Dakota Kaskazini achukue ya mabega wazi bila kujuta. Anayezunguka Georgia na Alabama, kusini kwenye joto, atakuwa anachoma dizeli bure.

Tuje kwenye upepo wa ndani ya tairi, maana baridi huua matairi mengi kwa njia hii kuliko kwa utelezi. Tairi lililojazwa psi 110 (psi ni kipimo cha upepo) gereji kwenye nyuzi 21 za Selsiasi, likilala nje kwenye nyuzi 23 chini ya sifuri, litasoma kama 91 bila kutoboka popote. Kanuni ya mafundi wa huku ni kwamba tairi lililotembea chini ya asilimia 80 ya upepo wake, yaani chini ya 88 hapa, lihesabiwe limetembea bila upepo, livuliwe na kukaguliwa ndani. Angalieni jinsi 91 ilivyo karibu na 88. Msumari mdogo tu unatosha. Ubavu unajikunja kila mzunguko, joto linapanda hata kukiwa na barafu nje, na baada ya saa kadhaa kashata inabanduka vipande vipande njiani. Linaloumia sana ni tairi la ndani kwenye pacha, yaani matairi mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja, kwa sababu halionekani na mwenzake amelibeba kimyakimya. Kupiga tairi kwa rungu kunawaambia tu kwamba lina upepo au halina kabisa. Tumieni geji, asubuhi, kabla gurudumu halijazunguka. Vifuniko vya valvu viwe vya chuma: tope la theluji likiganda ndani ya valvu, upepo unatoka usiku kucha.

Pacha nazo zilingane. Kina cha kashata kikipishana zaidi ya milimita 3, refu linabeba mzigo mkubwa zaidi na fupi linaburuzwa, yote mawili yanakufa.

Kuna uharibifu mwingine ambao dereva wa Dar hadi Tunduma hajawahi kuuona. Umeendesha kwenye tope la theluji, umeegesha, umevuta breki ya tela. Maji yaliyo kati ya viatu vya breki na ngoma yanaganda. Asubuhi unaondoka, gurudumu halizunguki, linaburuzwa kama gogo. Kwenye barafu husikii chochote. Ukifika lami kavu, mita chache zinatosha kuchora kipara cha bapa kwenye tairi la dola mamia, na bapa hilo litatikisa tela hadi utakapolivua. Kinga yake ni kukanyaga breki kidogokidogo unapokaribia kuegesha ili zikauke. Kwenye uwanja tambarare wengine huweka vigingi vya kuzuia magurudumu na kuacha breki ya tela wazi, ya kichwa (sehemu ya mbele yenye injini) tu ikiwa imefungwa. Asubuhi sogea mita mbili tatu ukitazama vioo: magurudumu yote yazunguke. Lililogoma, weka vigingi, achia breki, ligonge ngoma kwa nyundo.

Barafu mbaya kuliko zote ni ile ya karibu na sifuri, kwa sababu ina utando wa maji juu. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri tairi hushika zaidi, ingawa wageni huogopa zaidi siku hiyo. Breki ya injini zimeni: inazuia matairi ya difu peke yake, yakiteleza, tela inasukuma kichwa na lori linajikunja. Tela tupu ni hatari kuliko yenye mzigo.

Tairi likishindwa inabaki minyororo. Jimbo la Colorado, kwenye barabara kuu ya I-70 magharibi ya Morrison, malori ya biashara lazima yaibebe kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, jua liwake lisiwake. Kutoifunga inapoamriwa ni faini ya dola 500 na ushee, ukiziba barabara ni zaidi ya 1,000. Ikishafungwa, usizidi kilomita 50 kwa saa, na baada ya kama kilomita moja simama uikaze tena, kwani italegea tu.

Nani analipa? Ukiwa dereva wa kampuni, kampuni. Ukiwa na lori lako, au lile la kukodi kwa ahadi ya kulimiliki, ni wewe. Tairi zuri la usukani ni dola 450 hadi 700, na fundi wa kuitwa barabarani usiku ni mamia mengine kabla hajashika spana. Mnaoonyeshwa mapato ya wiki kwenye WhatsApp, ulizeni kama gharama ya matairi imeshatolewa humo.

Sasa hayo yaliyotumika. Yenye mwili mzima huku huvishwa kashata mpya, kwa hiyo yanayouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi ni yale ambayo fundi ameyakataa. Mkiuziwa, someni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Hatari kubwa ni lililotembea bila upepo. Nyaya za chuma ubavuni zimechoka, na likijazwa hukatika mmoja baada ya mwingine hadi ubavu upasuke kwa mstari. Mafundi hufa hivyo. Lijazwe psi 20 kwanza, sikilizeni kama linatoa mlio wa kukatikakatika na tazameni kama ubavu una mawimbi. Likiwa safi, liingie kwenye kizimba cha chuma, lijazwe kwa mpira mrefu wenye kichwa kinachojishika chenyewe, na mtu asisimame mkabala na ubavu.