Jibu: Ufunguo wangu wa PGP unakataliwa kwa ajili ya SHA-1, nifute nitengeneze mpya?

USIFUTE. Kabla hujasoma chengine chochote toa mkono kwenye kibodi. Umeandika ufunguo wako wa PGP wa 2011, ule wa kufungia mafaili na kutilia saini, unakataliwa kwa sababu ya saini za SHA-1, kuna mtu kakwambia ufute uanze upya usiku huu huu, na unataka kujua funguo za wenzio wa ofisini utazikaguaje. Yakhe, nilipofika hapo kwenye "ufute" nikaacha hata chai. Sijui fundi wako huyo ndo yule yule wangu au wamezaana.

Mimi nilikuwa natunza skani za hati za wakili mmoja wa Vuga, mirathi, viwanja, mashamba ya mikarafuu, kila faili naenkripti, yaani nalifunga lisisomeke, kwa ufunguo wangu ndo naweka. Akaja fundi, maneno mengi, laptop ina stika mpaka kwenye chaja, akatazama akasema SHA-1 imeshavunjwa, ufunguo wako umeoza, watu wanakusomea kila kitu, futa. Basi nikatengeneza mpya, wa kisasa kabisa, ule wa zamani nikaupiga `--delete-secret-keys`. gpg maskini (GnuPG, programu yenyewe ya PGP) ikaniuliza una hakika, ikauliza tena, nami y, y, kama mtu anaitikia dua.

Ufunguo mpya haufungui mafaili yaliyofungwa kwa ufunguo wa zamani. Hilo tu, neno moja, na hakuna aliyelisema. Wakili akapiga simu anataka hati ya shamba la Konde, kesi ishapangwa, nafungua naambiwa `No secret key`. Na msiniulize bakapu, flashi ilikuwepo, nilifanya `--export` nikajiona mjanja, kumbe ile inatoa ufunguo wa umma peke yake, ule wa kufungia, siri ya kufungulia haimo, kwa hiyo flashi nzima ilikuwa na ufunguo ambao kila mtu anao tayari pamoja na kasida za maulidi. Tukaskani upya. Za Unguja nafuu, lakini za Pemba wenyewe walisharudishiwa hati zao, ikawa boti mpaka Mkoani, gari mpaka Konde, hodi nyumba kwa nyumba, "shikamoo mzee, ile hati naiomba tena", na mzee wa kule hakupi hati mara ya pili mpaka akuulize ukoo wako na babu yako na ile ya kwanza umeifanyia nini. Nauli mfukoni kwangu. Fundi nilipompigia ananambia "si ungefanya bakapu". Bakapu! Sasa siku ile ananambia futa hilo neno lilikuwa limesafiri?

Na khasa kinachonichoma ni kwamba ufunguo wenyewe ulikuwa mzima. Kibovu ni saini. Ufunguo mkuu unajisainia wenyewe kwamba jina hili ni langu na funguo hizi ndogo ni zangu, na saini hiyo inapitia kwenye heshi, hesabu inayofupisha data ikawa alama fupi, na GnuPG za zamani zikitumia heshi ya SHA-1, programu za sasa zikiiona zinasema mimi hii siiamini, ndo mwenzio anashindwa kukutumia kitu. Kuvunjwa ni kweli imevunjwa, Google na CWI, kituo cha utafiti cha Amsterdam, walitoa PDF mbili tofauti zenye SHA-1 moja mwaka 2017, halafu Januari 2020 watafiti Leurent na Peyrin wakaja na funguo za PGP zenyewe, gharama wakaikadiria kama dola 45,000 za kukodi kompyuta. Lakini tazama walichofanya: waliziunda wao wenyewe funguo mbili, kwa makusudi, ili saini iliyotiwa kwenye mmoja ikubali kwenye mwengine. Hakuna faili la mtu lililofunguliwa hapo. "Wanakusomea kila kitu" ni habari ya barazani.

Dawa ni kusaini upya, ufunguo ule ule, fingaprinti (alama yake ya utambulisho) ile ile. Kwanza `gpg --export-secret-keys ALAMA > zamani.gpg`, umeona hapo, SECRET, na penye ALAMA weka fingaprinti ya ufunguo. Kisha usiiamini. Iingize kwenye kompyuta nyengine, ufungue faili moja la zamani kwa bakapu hiyo, halikufunguka basi huna bakapu, una flashi. Mpaka hapo usiguse kitu.

Likishafunguka, kukagua, wako au wa mwenzio wa ofisini (weka ALAMA yake), ni `gpg --export-options export-minimal --export ALAMA | gpg --list-packets`, ukiona `digest algo 2` hiyo ndo SHA-1, 8 ni SHA-256, 10 ni SHA-512. Kurekebisha, `gpg --cert-digest-algo SHA512 --edit-key ALAMA`, andika `expire` uweke tarehe, halafu `key 1` na `expire` tena, na hivyo hivyo kwa kila ufunguo mdogo, mwisho `save`. Kagua tena. Kama una ufunguo mdogo wa kusainia, ndani yake kuna saini nyengine imejificha, ile ya kurudi kwa mkuu, hiyo inaweza kubaki na SHA-1 vile vile, `sq-keyring-linter` ya watu wa Sequoia, programu nyengine ya PGP, itakuonesha na ina `--fix`. Ukimaliza wape watu ufunguo wa umma upya, la sivyo wao wanabaki na ule ule mbovu na wewe unalaumiwa bure.

Na ukishikilia kuwa unataka mpya, tengeneza, hakuna anayekukataza, na wa zamani ubatilishe, yaani utangaze hautumiki tena, kama roho haitulii. Kubatilisha hakuzuii kufungua mafaili ya zamani, siri yake ikiwepo unafungua kama kawaida. Kufuta ndo kunazuia.

Haya, toa hiyo bakapu, ijaribu kwenye faili la zamani kuliko yote ulilonalo, uje useme hapa limefunguka au halikufunguka. Na fundi wako mpigie simu umwambie.